Mama Mwanvua, Mikro Nne na Bateri ya Wamaza

Jumanne tarehe 30 Juni 2026, Mama Mwanvua Bulaimu anavua kaske ya masikioni aliyoivaa katika studio ya Redio Kivuko, hapa Kasongo. Ametumika miaka ishirini na miwili na miezi minne. Aliingia tarehe 1 Machi 2004 kama msomaji wa matangazo ya vifo na ya mbuzi waliopotea. Anatoka akiwa mkuu wa sauti, na sidhani kama kuna kwaya, kikundi cha kasida au bendi ya arusi kusini mwa Maniema ambayo hajaiambia inyamaze kidogo apime.

Kabla ya kusimulia safari yake, ni vizuri msomaji ajue jambo lililomnyima raha mwaka huu. Mwezi wa Januari komite ya redio iliamua hivi: kama kufikia siku ya kustaafu kwake hakuna mtu mwingine anayeweza kurekodi ngoma za bendi zikatoka safi, basi redio itaacha kuzirekodi. Kwaya zitapewa kinanda cha umeme chenye midundo ndani yake, na chumba kikubwa cha studio kitagawanywa kuwa ofisi mbili. Mkurugenzi wetu, Bwana Jean-Marie, alikuwa na hoja. Kinanda kinahitaji waya mmoja, na wimbo umekwisha kabla chai haijapoa. Ngoma zinahitaji mikro nne za kunasa sauti, chumba kizima na nusu siku ya kusogeza hiki na kupima kile.

Na uamuzi huo ulitokana na ukweli wa Mama Mwanvua mwenyewe. Ni yeye aliyekwenda kwa mkurugenzi, akaketi, akasema: "Jean-Marie, sahani za ngoma zinanikimbia. Ile sauti ya juu kabisa, ya shaba, siisikii tena vizuri. Tafuta mutu." Angeweza kunyamaza miezi sita akamaliza kwa heshima zake. Alisema kwa sababu hakutaka kazi iharibike mikononi mwake bila yeye kujua. Tangu siku hiyo akawa na hamu moja tu: chumba kile kisigawanywe.

Mama Mwanvua alizaliwa hapa Kasongo mwaka 1966, katika moja ya familia za Kiislamu za mjini. Baba yake, marehemu Mzee Bulaimu, alitengeneza redio kwenye soko, na binti alijua kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa kabla hajajua kusonga ugali. Mama yake alihangaika. "Nani ataoa mwanamuke anayenuka risasi?" aliuliza mara kwa mara. Aliyemwoa alikuwa fundi wa baiskeli, naye alinuka grisi, basi hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Alipoajiriwa, hakuna aliyemwuliza kuhusu waya. Alipewa karatasi asome. Lakini mwaka wa pili, fundi wa sauti wa wakati ule akahamia Kindu, na wiki hiyohiyo meza ya sauti ikaanza kunguruma katikati ya habari. Mama Mwanvua alimaliza kutangaza msiba wa Nyangwe kwa sauti ya huzuni inayostahili, akafunga mikro, akatoka na bisibisi aliyokuwa nayo mkobani, akafungua meza, akakaza waya mmoja, akarudi kutangaza mbuzi. Siku ya pili yake akahamishiwa upande wa pili wa kioo. Hajarudi tena kusoma matangazo, ingawa wako wazee wanaosema hadi leo kwamba tangu aache, misiba haina utamu.

Sasa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi huona mikro zimesimama kuzunguka ngoma na kudhani zimewekwa popote penye nafasi.

Ngoma za bendi ni familia. Kuna ngoma kubwa ya mguu, inayopigwa kwa kanyagio. Kuna ngoma ndogo ya waya, ambayo chini yake zimepita nyuzi za chuma zinazoifanya ilie kwa ukali, kama kitambaa kipya kinapochanwa. Kuna ngoma za kati, na juu yake sahani za shaba. Vyote vinalia kwa pamoja, na kila kimoja kinataka kusikika kuliko mwenzake. Studio kubwa huweka mikro nane, kumi, hata kumi na mbili. Meza yetu ina matundu manne. Kwa hiyo Mama Mwanvua alijifunza kuwa mwamuzi.

Mikro ya kwanza aliipa ngoma ya mguu. Aliipitisha kwenye tundu la ngozi ya mbele, ikaelekea pale nyundo ya kanyagio inapogonga, na ndani ya ngoma akaweka blanketi lililokunjwa ili mlio usiwe mrefu kama wa pipa tupu. Ya pili aliipa ngoma ya waya: vidole viwili juu ya ukingo, imeinama kutazama katikati ya ngozi, na kisogo chake kimeelekezwa kwenye zile sahani mbili zinazofunguka na kufungika, kwa sababu mikro kama hiyo husikia vibaya kwa kisogo. Mbili zilizobaki alizitundika juu, moja kushoto na moja kulia, zichukue familia nzima.

Hizo za juu zina siri yake. Zote mbili lazima ziwe umbali sawa kutoka katikati ya ngoma ya waya. Moja ikiwa karibu zaidi, pigo lilelile hufika huku mapema na kule likachelewa, na ukizichanganya, ngoma inakonda kama mgonjwa. Mwanzoni alipima kwa ukingo aliouchana kwenye kikwembe chake. Akagundua kwamba kitambaa kinavutika: asubuhi kinasema hivi, jioni kinasema vingine. Ndipo akaagiza kwa wavuvi wa Nyangwe kamba ya nyavu, ile isiyovutika hata ikilowa. Anashika ncha moja katikati ya ngoma, anainyoosha hadi mikro ya kushoto, anabana kwa vidole, kisha anaizungusha hadi ya kulia. Zikilingana, anasema "haya", na watu wanaanza kupumua.

Kiwango cha sauti nacho alikieleza kwa bidoni, lile dumu la mafuta. Mtu anayesafirisha mawese kwa baiskeli kutoka Kabambare hajazi bidoni hadi mdomoni, kwa sababu anaijua barabara. Anaacha nafasi ya matuta. Sauti ni hivyohivyo. Kwenye meza yetu taa ya kijani inasema sauti inaingia, ya njano inasema tuta linakuja, na nyekundu inasema mafuta yamemwagika. Ukirekodi chini kidogo, kesho unaweza kupandisha. Ukirekodi ikapasuka, imepasuka. Hakuna fundi wa Kindu, Kinshasa wala Ulaya atakayeishona. "Nafasi ya matuta" ni maneno matatu ambayo kila aliyepita katika studio hii ameyasikia, wengine hadi kuyaota.

Lakini tusidanganyane kwamba alizaliwa na ujuzi huo. Aliupata kwa kuharibu, na aliharibu kazi ya watu waliotoka mbali.

Mwaka 2006, Kwaya Mapambazuko ya Wamaza, upande wa Kabambare, ilikuja kurekodi nyimbo sita. Walitumia siku tatu njiani, ngoma zimefungwa kwenye baiskeli nne, na ngoma ya mguu imefunikwa kwa turubai kama bibi arusi. Mpiga ngoma wao alikuwa Pitchou, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole sana. Mama Mwanvua akaweka mikro zake, akavaa kaske, akamwomba apige apime. Pitchou akapiga. Tik, tik, tuf. Mama akapandisha kiwango. Tik, tik, tuf. Akapandisha tena. Taa ikatulia kwenye kijani, akaridhika, kwaya ikaanza kuimba, na Pitchou akapiga ngoma jinsi anavyoipiga Wamaza siku ya Pasaka.

Taa zote nne zikawaka nyekundu na hazikuzima hadi mwisho wa wimbo wa sita. Mama Mwanvua hakuelewa zile taa. Alidhani meza imerudia ugonjwa wake. Kwaya ilipokwisha kuondoka ndipo alipoketi kusikiliza. Nyimbo zilikuwa zinalia kama mahindi yanayokaangwa.

Alichokosea hakimo katika kitabu chochote cha mafundi. Pitchou alipoombwa apige kwa kupimwa, alikuwa katika chumba cha wageni, mbele ya mama mzima aliyemkaribisha kwa chai. Mtoto aliyelelewa vizuri hapigi kelele mbele ya mkubwa wake. Alipiga kwa adabu. Mama Mwanvua alikuwa amepima adabu ya Pitchou, hakupima ngoma yake.

Hakuwaficha. Aliandika barua, akaikabidhi kwa mfanyabiashara aliyekuwa anaelekea Kabambare: nimeharibu nyimbo zenu kwa kosa langu, tafadhali mrudi, na mje na bateri. Kwa vile barua ilikuwa na matope na mvua imeilamba, mfanyabiashara aliufikisha ujumbe kwa mdomo. Wenzetu wa pwani husema betri kwa kile chombo cha kuwekea umeme. Sisi tulipokea neno moja kutoka Kifaransa, tukalitwika kazi mbili: bateri ni hicho chombo cha umeme, na bateri ni hizo ngoma za bendi. Miezi mitano baadaye kwaya ikaingia uani mwa redio, na nyuma ya pikipiki ya kwanza, amefungwa pamoja na mzigo wake, alikuwa Pitchou, amekumbatia bateri ya umeme wa jua ya kilo ishirini na kitu.

"Mama," alisema akishuka, miguu imekufa ganzi, "bateri iko hii. Tumeing'oa kwenye nyumba ya mchungaji. Yeye sasa anasoma na koroboi."

Mama Mwanvua aliitazama ile bateri, akaizunguka, akamtazama Pitchou. "Asante, mutoto wangu. Na fimbo zake za kuipigia ziko wapi?"

Mama Apolline, kiongozi wa kwaya, aliketi palepale chini kwa kicheko. Pitchou hakucheka. Alisema redio inajulikana kwa kukatika umeme. Mtu akiomba bateri, unamletea bateri. Yeye ni mwalimu, anajua kusikiliza maagizo.

Ngoma ziliazimwa kwa bendi ya arusi ya mjini. Na hapo ikatokea shida nyingine. Sakafu ya studio ni simenti laini, na ngoma ya mguu iliyoazimwa haikuwa na miiba ya kuing'ang'ania. Kila Pitchou alipokanyaga, ilijivuta mbele. Beti ya kwanza mikro ilikuwa mahali pake, ya pili imezama ndani zaidi, ya tatu imegusa blanketi. Kipimo gani kitasimama ikiwa kinachopimwa kinatembea? Mama Mwanvua akazunguka chumba akitafuta kitu kizito. Jiwe lingekwaruza ngoma ya watu. Macho yake yakaangukia bateri ya mchungaji. Akaifunga kwa turubai, akaisukuma mbele ya ngoma, na ngoma ikatulia.

"Umeona?" Pitchou alisema. "Nilijua munaihitaji."

Sasa ikabaki adabu. Safari hii Mama Mwanvua hakumwomba Pitchou apige peke yake. Alimwendea Mama Apolline, akamnong'oneza: imbeni mwisho wa wimbo wa Pasaka, pale penye vigelegele, na musimwangalie Pitchou. Wanawake wakaanza. Kwa kuitikia mara mbili tu, Pitchou alisahau yuko ugenini. Vigelegele vilipopanda naye akapanda, jasho, macho yamefungwa, sahani zinayumba. Upande wa pili wa kioo Mama Mwanvua akashusha, akashusha, akashusha tena, hadi pigo kali kuliko yote lilipogusa njano na kurudi. Akafungua kipaza sauti cha ndani na kusema: "Adabu imekwisha. Sasa turekodi."

Nyimbo zile sita zimepigwa redioni kila Pasaka tangu hapo. Bateri ilirudi Wamaza, mchungaji akapata mwanga wake. Studio ilipata bateri ya lori iliyokufa kutoka gereji, na ndiyo inayozuia ngoma ya mguu mpaka hivi leo. Wageni hudhani ndiyo inayowasha mitambo. Na kila mpiga ngoma aliyefuata, awe wa kanisa au wa baa, amepimwa kwa vigelegele. Kwaya isiyo na wanawake wa kutosha ilikopeshwa wapishi wa mkahawa wa jirani.

Yako mengine mengi ya kumshukuru. Alirekodi nyimbo za wapiga kasia wa Nyangwe wakiwa ndani ya mitumbwi yao, mikro imefungwa kwenye fimbo ya mwavuli. Alirekodi kasida za Maulidi na nyimbo za Noeli kwa bidii ileile. Ijumaa mchana studio ilifungwa apate kwenda kusali, na kwaya za Jumapili, zikimwona anatazama saa wakati wa adhuhuri, zilikwenda kunywa maji bila kuambiwa. Nyimbo za kanisani hakuzijua kwa majina. Aliziita kwa tabia zake: ule unaoanza pole halafu unavamia, ule wa mzee mwenye kikohozi. Wanakwaya walijifunza kumwelewa.

Alifundisha mafundi watano. Wanne wamechukuliwa na redio nyingine, jambo ambalo mkurugenzi huliita hasara na Mama Mwanvua huliita matangazo. Wa tano ni Carine.

Carine ana miaka thelathini na minne, ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka sita amehariri habari zetu kwenye kompyuta. Komite ilipotoa uamuzi wake wa Januari, ni yeye aliyenyoosha mkono. Miezi minne walifanya kazi pamoja. Mama Mwanvua alimwonyesha pa kuweka kila mikro, akazing'oa, akamwambia arudie. Carine alirudia. Alikuwa na swali moja ambalo hakuacha kuliuliza: "Mama, kwa nini zile mbili zinakaa juu? Nani anasikilizaga ngoma akiwa kwenye dari?" Mama alijibu kwamba juu ndiko zinakokaa. Carine akaitazama dari, kisha akakitazama kiti cha mpiga ngoma.

Jaribio lilipangwa Jumamosi tarehe 16 Mei. Kwaya Mapambazuko ndiyo iliyoitwa, na safari hii ujumbe ulikwenda kwa simu, neno kwa neno: ngoma, za kupigwa kwa fimbo. Mama Apolline alikuja, nywele nyeupe lakini sauti ileile. Pitchou alikuja pia, sasa ni mkurugenzi wa shule, na kwa sababu ya cheo hicho adabu yake imezidi maradufu. Bwana Jean-Marie aliketi nyuma ya Carine na daftari. Mama Mwanvua alikataa kuingia. Alisema akiwa ndani, Carine atamtazama yeye badala ya taa. Alikwenda uani, akageuzia mlango mgongo, akaanza kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Carine akasukuma bateri ya lori mahali pake. Akaweka mikro ya ngoma ya mguu na ya ngoma ya waya kama alivyofundishwa. Akatundika moja juu. Kisha akaishika ya nne, akaitoa kule juu, akaizungusha na kuisimamisha nyuma ya bega la kulia la Pitchou, karibu usawa wa sikio lake. Akachukua kamba ya Nyangwe, akashika ncha katikati ya ngoma ya waya, akapima ya juu, akabana, akapima ya nyuma. Zikalingana.

Jean-Marie aliandika kitu kwenye daftari. Pitchou aligeuza shingo, akaona kilichomsimamia, akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Mama Mwanvua! Mikro iko mugongoni kwangu. Munajua?"

Kila mtu akasubiri. Kama Mama Mwanvua angeingia na kuirudisha juu, jaribio lingekuwa limekwisha: ingemaanisha mwenye kazi bado ni mmoja. Kama asingeingia na sauti ikaharibika, chumba kingegawanywa, na yeye angekuwa amekaa uani akikunja nyaya wakati kinagawanywa. Kutoka nje likaja jibu: "Leo mimi sisikii. Uliza mwenye kaske."

Mwenye kaske aliwaomba wanawake waanze na mwisho wa wimbo. Vigelegele vikapanda. Pitchou alishindana na cheo chake kwa beti moja, kisha cheo kikashindwa. Carine akashusha, akaacha nafasi ya matuta, akarekodi nyimbo nne. Taa ya njano iliwaka mara chache, ikipita kama kimulimuli. Nyekundu haikuwaka. Jean-Marie mwenyewe aliandika hivyo, na akapiga mstari chini yake.

Lakini taa husema tu kwamba sauti haikupasuka. Hazisemi kama ni nzuri. Mchana huohuo komite iliketi studio, wakasikiliza, wakatazamana. Mmoja alisema ziko sawa. Mwingine alisema zinasikika tofauti na za zamani, hajui kama ni tofauti nzuri. Jean-Marie akamgeukia Mama Mwanvua, ambaye sasa alikuwa amekubali kuingia, akamwomba atoe hukumu. Kwa miaka ishirini na miwili neno lake katika chumba kile lilikuwa la mwisho, na angesema "nzuri" wote wangekubali. Alivua kaske baada ya wimbo mmoja. "Chini ni safi," alisema. "Ngoma ya waya imenenepa. Sauti za juu, zile za sahani, sizisikii vizuri, na mulishajua, kwa hiyo musiniulize mimi. Mupe mwenye ngoma."

Pitchou alivaa kaske. Alisikiliza wimbo wa kwanza bila kusogea hata nyusi. Katika wa pili vidole vyake vilianza kugonga goti. Katika wa tatu mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga kanyagio lisilokuwepo, na Mama Apolline alilazimika kumshika bega.

Alipovua kaske alimtazama Mama Mwanvua, na wote walitegemea neno la heshima, kwa kuwa tunamfahamu. "Mama," alisema, "samahani sana. Miaka yote hii mulinipa ngoma kama anavyoisikia mutu aliye kwenye mabati. Nilikuwa naisikiliza redioni, nasema, huyu mupiga ngoma anapiga vizuri, ni nani? Leo ndiyo mara ya kwanza najitambua. Hii ndiyo ninayosikia nikikaa kwenye ngoma."

Mama Mwanvua alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Miaka ishirini," alisema, "na ulinyamaza?"

"Mama, ningesema namna gani? Mulinipaga chai."

Komite haikupiga kura. Jean-Marie alisimama, akakitazama chumba kutoka pembe moja hadi nyingine, kama mtu anayepima pa kujenga ukuta, kisha akasema hawezi kujenga ofisi mahali ambapo mwalimu mkuu amepoteza adabu namna hiyo. Chumba kimebaki kizima. Kinanda kimepewa ratiba ya Jumatano. Kwa Julai na Agosti kwaya tatu na bendi moja zimekwisha kujiandikisha, na kwenye daftari, pale palipokuwa jina la Mama Mwanvua kwa miaka yote, limeandikwa la Carine, kwa mkono wa Mama Mwanvua.

Mama Mwanvua, kwa niaba ya wafanyakazi wa Redio Kivuko, na ya watu wa Kasongo, Nyangwe, Wamaza na kila njia kati yao ambao sauti zao zilipita mikononi mwako zikatoka zimenyooka, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa uliyoyaharibu mara moja na ukakiri, kwa uliyoyarekebisha bila kutuamsha, na zaidi kwa mchana ule wa Mei ulipobaki uani ukamwacha mwenzako asimamishe mikro mahali ambapo wewe usingeisimamisha. Nenda ukaone mashamba yako na wajukuu zako. Redio ikiwaka jioni, kaa mbali na meza, usitafute taa, usihesabu matuta. Sikiliza tu nyimbo, hata zile ambazo hukuwahi kujua majina yake. Tunakutakia siku nyingi, nyepesi na zenye kelele njema.